Nani Hajapanda Bembea?

Vijana wangu wa Mtanda, juzi mlikuja watatu hapa barazani kwangu na futi kamba mpya, mkanipa shikamoo ya harakaharaka, hata marahaba yangu hamkuisubiri, mkasema mnataka vipimo vya bembea. Mnataka kuisimamisha Idi ijayo ili watoto wa mtaa wapande. Nikawaambia mrudi Ijumaa. Najua mlipofika kona mlisema mzee anaringa. Sikuwa naringa. Vipimo ninavyo kichwani, hata usingizini ningewatajia. Ila kuna mambo futi kamba haiyapimi, na nilitaka nafasi ya kuyakumbuka vizuri. Nimeona afadhali niyaandike, maana nyinyi mkikaa na mzee mnaangalia simu.

Kwanza tuelewane. Bembea ninayoisema siyo kamba ya kufunga tawini. Ni gurudumu la mbao lililosimama wima. Nguzo mbili zinachimbiwa chini, juu yake unalala mhimili wa mti mgumu wa mkongo, kwenye mhimili kuna mikono minne, na kila mkono unaning'iniza sanduku la kukaa watoto. Halina injini. Injini ni mimi na msaidizi wangu, tunavuta sanduku moja linaposhuka na kulisukuma linapopanda. Kwa sikukuu moja nilikuwa navuta hadi siku tatu baadaye nashindwa kuinua kikombe cha chai, mke wangu ananishikia huku ananicheka.

Nililetwa kwenye kazi hii na Mzee Mfaume, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa Mmwera, seremala wa milango na vitanda, na bembea aliijenga kwa mikono yake kabla sijaoa. Mimi Kosmasi ni Mmakonde, Mkatoliki, nilishuka Lindi kutoka juu kwetu na mfuko wa patasi nikitafuta kazi. Siku ya kwanza aliniangalia mikono, akaniangalia patasi zangu, akasema, "Wewe mchonga vinyago, unaweza kuchonga kitu kisichokaa tu kutolea watu macho?" Nikamjibu kuwa naweza, mradi asinilipe kwa maneno ya Kimwera. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Tangu siku hiyo tulitaniana miaka yote.

Wageni huwa wanashangaa, Mkristo anaendeshaje bembea ya Idi? Sisi hatukushangaa. Krismasi bembea ilihamia uwanja wa karibu na kanisa, na asubuhi sisi tukiwa ndani tunaimba, Mzee Mfaume alikuwa nje na kofia yake, anazungusha watoto wa kila dini. Padri alihubiri kwa ufupi siku hiyo kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa anamsikiliza. Watoto wa nyumba za waumini wa Kiislamu walikuja na nguo zao za Idi, zimepigwa pasi upya. Na wetu walifanya hivyo hivyo Idi. Gauni moja lilikuwa na sikukuu nyingi ndani ya mwaka.

Sasa ufundi wenyewe. Jambo la kwanza ni mizani. Sanduku na la mkabala wake lazima yakaribiane uzito, la sivyo gurudumu linakwenda kwa kushtuka na watoto wanagonga meno. Mzee Mfaume hakuwa na mizani ya chuma. Alimwangalia mtoto kifundo cha mguu, akasema, "Huyu na yule." Nami nikajifunza. Ilifika mahali najua watoto wote wa Mtanda kwa jozi zao. Binti yangu Anjela, kwa mfano, jozi yake ilikuwa Zainabu, mjukuu wa Mzee Mfaume. Walizaliwa mwaka mmoja, wakakua kwa kasi moja, hata meno ya mbele yaliwatoka wiki moja. Mmoja akiwa juu mwenzake yuko chini, wanapungiana mikono kama watu wanaosafiri.

Jambo la pili, mtoto anayepiga kelele yuko salama. Anayepaswa kushushwa ni yule aliyenyamaza ghafla na kuanza kumeza mate. Huyo amekula pilau, akashushia juisi, na pilau inataka kurudi. Na ukimshusha mmoja, mshike kwanza wa mkabala wake, maana upande ukipungua, ule wa pili unaanguka chini na mtoto wake. Hilo nililijua kwa kugongwa kidevu na sanduku. Kovu mnaliona.

Enzi za uhaba, mhimili tuliupaka mafuta ya nazi ili usilie. Haukulia, lakini sisimizi walikuja kutoka mtaa mzima, na watoto wakawa wanashuka wanajikuna. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa, maduka yakajaa. Grisi ya kopo, bolti za kila saizi, mitumba ya kuchagua, na rangi! Nilizoea chokaa na lami. Nikaenda dukani nikanunua rangi nyekundu ya mafuta, nyekundu kama pilipili, nikayapaka masanduku yote manne siku mbili kabla ya Idi. Mzee Mfaume alinusa akasema, "Kosmasi, hii hewa yetu ya chumvi haikaushi upesi." Nikamwambia muuzaji amesema inakauka kwa saa sita.

Haikukauka. Watoto wa Mtanda walirudi nyumbani siku ile na makalio mekundu, mavazi mapya kabisa. Wanawake walikuja uwanjani wameshika magauni na kaptura, na mimi nikapanda juu ya nguzo nikajidai nakaza nati. Mama mmoja alinisubiri chini mpaka jua likazama. Hadi leo kuna watu wazima mtaani humu, wengine wana vyeo, mimi nikiwaona natabasamu kwa sababu najua walivyokuwa nyuma. Mzee Mfaume hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba fundi akimaliza kazi akalie mwenyewe kwanza, na suruali yake.

Nimewachekesha makusudi, maana linalofuata silipendi kulisimulia.

Magoti ya Mzee Mfaume yalipokataa kazi, aliniita nyumbani kwake akanikabidhi bembea, nguzo, mhimili, spana na yote. Hakutaka chochote isipokuwa sharti moja. "Sikukuu isimkute mtoto wa Mtanda amelala hajapanda. Mwenye sarafu apande, asiye nayo apande." Na kila Idi ikifika alasiri, alikuja uwanjani polepole na mkongojo wake, akasimama pembeni ya nguzo, akaniuliza, "Nani hajapanda?" Mimi nilitazama huku na huku na kumtajia. Mtoto wa fulani ana homa, wa fulani anaogopa, wale mapacha wamekwenda kwa bibi yao. Anaagiza waitwe, anayeogopa nampakata mwenyewe. Ndipo tunafunga.

Basi ule mwaka ninaousema, biashara ilikuwa imechangamka na kila mtu ana haraka. Bwana mmoja mwenye lori akanifuata. Kijijini Milola wamevuna vizuri, akasema, wanataka bembea Idi pili, watoto wao hawajaiona hata siku moja. Zamani bembea ilikaa Mtanda siku zote tatu za sikukuu. Nikaona kwa nini isifanye kazi mahali pawili? Idi mosi Mtanda, jioni tunafungua bolti, Idi pili Milola. Nikakubali bila kumuuliza Mzee. Nilijiambia bembea ni yangu sasa.

Mwezi ukaleta mambo. Usiku redio ilitangaza umeandama, lakini zipo nyumba zilisema hapa kwetu haujaonekana, zikaamua kumalizia thelathini. Mimi nilisikia. Nilijua kuna waliokula Idi na kuna waliofunga. Lakini asubuhi uwanja ulijaa watoto waliovaa wakapendeza, wanarukaruka, nami nikajisemea hao wengine ni wachache, huko upande wa pili. Mkristo kama mimi niingie kwenye habari za mwezi? Nikazungusha. Anjela nilimpandisha na mtoto mwingine kwa sababu Zainabu hakuonekana, na sikujiuliza Zainabu yuko wapi. Watoto walikuwa wengi na mimi nilikuwa naangalia kivuli cha nguzo nijue lori litakuja lini.

Alasiri Mzee hakuja. Nikasema magoti. Tukafungua bolti, tukapakia, na lori likapita mbele ya nyumba yake nikateremka nimuage. Alikuwa ameketi barazani. Pembeni yake palikuwa na bakuli limefunikwa kawa, na kisahani cha tende. Zainabu alikuwa amesimama mlangoni na kigauni cha nyumbani, anatazama mizigo ndani ya lori, anatazama masanduku mekundu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Unakwenda nayo wapi?"

"Milola. Wanaingoja kesho. Tutarudi keshokutwa."

Dereva akapiga honi. Kisha Mzee akauliza kama kawaida yake, "Nani hajapanda?"

Nami nikajibu, huku mguu mmoja uko kwenye ngazi ya lori, "Wote wamepanda, Mzee."

"Haya," akasema. "Nenda salama."

Nimeishi na Waislamu umri wangu wote, vijana. Nimekula futari kwenye baraza ile ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Bakuli lile niliona, tende niliona, jua lilikuwa linakaribia kuzama, na bado akili yangu haikuniambia kuwa mtu aliyekwisha kula Idi hangojei magharibi na bakuli la uji limefunikwa. Haraka hupofusha mtu mwenye macho yake mawili.

Milola walitupokea kwa ngoma. Tulisimamisha nguzo alfajiri, na kabla ya saa tatu watoto walikuwa wamejipanga kwa furaha hata nikasahau uchovu. Anjela nilikuwa naye, alililia safari mpaka nikamchukua. Nikamwita apande, na nikaanza kumtafutia jozi kwa kuangalia vifundo vya miguu. Akakataa kupanda.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Namsubiri Zainabu."

"Zainabu yuko Mtanda, mama. Na yeye alishapanda jana."

"Hakupanda," akasema. "Jana alikuwa amefunga. Nilimpelekea kashata akakataa, akasema anafunga mpaka adhuhuri, halafu kesho ndio Idi yao. Babu yake kamwambia kesho atapanda bembea na gauni jipya. Kesho yenyewe ndio leo, baba."

Sanduku nililokuwa nimelishika nikasahau kulivuta. Lile bakuli likanijia, na kisahani cha tende, na mtoto mlangoni. Msaidizi wangu akauliza kama naumwa. Nikamwambia nivutie tu. Ningefanya nini? Lori lilikuwa limekwenda mashambani kupakia ufuta, lingerudi kesho. Watoto wa Milola hawakuwa na kosa lolote. Nilizungusha kutwa nzima, wao wanashangilia, na kila sanduku lililopanda juu nililiona halina mtu. Nililia machozi, nikasingizia vumbi. Anjela alikaa kwenye gogo mpaka jioni, mikono magotini, hakupanda.

Tulirudi Mtanda siku iliyofuata, karibu na adhuhuri. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee, hata sikunawa. Alikuwa pale pale barazani. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Mzee, nilikudanganya."

"Hukunidanganya," akasema. "Mimi nilikuwa najua."

"Basi kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeishusha bembea kwa kunionea haya mimi. Nami sitakuwepo kila Idi." Akanitazama. "Kosmasi, unadhani swali lile nilikuwa nauliza ili unijibu? Nilikuwa nauliza ili uhesabu."

Nikasimama, nikamwita msaidizi wangu na wanaume waliokuwa karibu, tukazichimbia nguzo pale pale mbele ya nyumba yake, siyo uwanjani. Watoto wa nyumba zilizomalizia thelathini wakaanza kujitokeza mmoja mmoja, wa kwanza akiwa kifua wazi. Nilipokaza bolti ya mwisho nikamwendea Zainabu. Alikuwa ameketi kizingitini, amenipa mgongo.

"Bembea imerudi, Zainabu. Njoo uwe wa kwanza."

"Idi imeisha," akasema. "Gauni limeshafuliwa."

Kweli, lilikuwa kambani, la manjano lenye marinda mawili, linachuruzika maji. Nikambembeleza, mama yake akambembeleza. Anjela akaketi naye wakanong'onezana. Mwisho Zainabu akageuka, akamnyooshea babu yake kidole. "Aliyesema nitapanda ni Babu. Basi apande yeye kwanza."

Mama yake akataka kumkaripia kwa utovu wa adabu. Mzee Mfaume akainua mkono. "Mtoto amesema haki," akasema. "Nileteeni sanduku."

Vijana, yule mtu alijenga bembea, akaizungusha miaka na miaka, na hakuwahi kuipanda hata mara moja! Tulimbeba wanaume wawili, tukamkalisha, miguu ikaning'inia nje kwa sababu sanduku ni la watoto. Alikuwa amebaki mifupa na kanzu. Nikamtafutia jozi. Ilibidi niweke upande wa pili Anjela na wavulana wawili ndipo akakaa sawa. Nikavuta polepole kuliko nilivyowahi kuvuta. Akapanda, mkono mmoja ameshika kofia, mwingine ameshika ukingo wa sanduku. Alipofika juu kabisa akasema, "Simamisha."

Nikasimamisha. Mimi nikafikiri ameugua.

"Kosmasi!" akaita kutoka juu. "Paa langu lina tobo nyuma ya jiko! Watoto wa mtaa huu miaka yote wanaliona, na hakuna hata mmoja aliyeniambia?"

Tulicheka mpaka watu wakashikana. Na katikati ya kicheko nikasikia kingine kidogo, chembamba, nikageuka. Zainabu alikuwa anakimbilia kambani. Alilivuta gauni, akalivaa likiwa bichi, likamganda miguuni, akaja mbio akiacha alama za maji mchangani. Nikampandisha na Anjela mkabala wake. Mmoja juu, mmoja chini, wakapungiana. Niliwazungusha raundi nyingi kuliko haki yao na hakuna mtoto aliyelalamika.

Siku ile mpaka alasiri walipanda wote. Mzee akasimama kwenye nguzo na mkongojo akauliza, nami sikujibu mpaka nilipowatazama mmoja baada ya mwingine na kuwataja kwa majina ya baba zao. Mwaka uliofuata niliwachongea Milola bembea yao, nikamfundisha fundi wa kule, na ya Mtanda haikuondoka tena mpaka nguo ya mwisho ya sikukuu iwe imefuliwa. Mambo ya mwezi nawaachia wenyewe. Mimi naangalia kamba za kuanikia. Na lile tobo la paa nililiziba mwenyewe kabla ya mvua.

Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Mhimili msitumie mbao ya kununua sokoni, itapinda. Bolti kazeni asubuhi na kazeni tena adhuhuri. Rangi pakeni wiki mbili kabla, na mkalie wenyewe.

Mzee Mfaume alituacha siku nyingi, na mimi mikono imechoka, hata mbao za bembea yake zimechoka. Lakini Idi ikifika, alasiri, atakuja pale uwanjani mwanamke mmoja mwenye gauni la manjano, mwalimu wa shule ya awali, atasimama kando ya nguzo kama mtu aliyepita tu njia. Kwangu amekuja kila mwaka. Atawauliza nani hajapanda. Msimjibu haraka. Geukeni kwanza mtazame walio chini.